Mshumaa wa Kaka Yake

Bibi niliyekuwa nikimhudumia ughaibuni, mtaa wa Walthamstow, alikuwa Myahudi. Kila mwaka alifunga siku yao ya toba, tangu jua kutua hadi nyota za kesho yake, bila tone la maji. Mimi Mpemba, funga naijua, nikamwambia kwa kuwa kwao hakuna daku, basi ale ashibe. Akacheka.

Mwaka wangu wa kwanza kwake, jioni kabla hajaanza kufunga, alinishika mkono. "Nisamehe kama nimekukosea mwaka huu," akasema. "Mungu hasamehe ya watu wawili mpaka wenyewe wasameheane."

Nikamjibu nimemsamehe, ingawa ulimi wake ulikuwa na pilipili. Kwetu pia ndivyo: haki ya mja haifutwi kwa sala.

Kisha akawasha mshumaa ndani ya gilasi kwa ajili ya marehemu kaka yake. Waligombana ujanani. Kaka alimwandikia barua za kutaka suluhu, yeye akazirudisha bila kuzifungua, mpaka kaka akafa. Mshumaa ule huachwa uwake usiku na mchana, lakini hilo hakuniambia.

Asubuhi nilimkuta amelala kitini, mshumaa unawaka karibu na pazia. Kazini tulishaonywa sana kuhusu moto. Nikauzima, tena nikajiona nina akili.

Alipoamka aliutazama kwa muda mrefu.

"Umezimika wenyewe?"

Niliogopa kufukuzwa kazi. "Ndiyo, bibi."

Hakulia. Alisema tu, "Basi bado hajanisamehe."

Siku nzima alikaa akiitazama ile gilasi, midomo imemkauka, na mimi nikipiga pasi nguo zilizokwisha kunyooka. Nyota zilipotoka nikampa chai, akanishukuru. Nikajiambia nitamweleza kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, na siku ya toba iliyofuata haikumkuta hai.

Nina aibu mpaka leo. Kila siku hiyo inapokaribia, nasikia harufu ya utambi uliozimwa, ndani ya basi, jikoni, hata juu ya mswala. Na msamaha sina wa kumwomba.

Mwaka jana niliwasha mshumaa kwangu, kwa ajili yake. Alasiri nikatoka kuanika nguo. Niliporudi, hauwaki. Binti yangu alikuwa mezani na simu yake.

"Umeuzima wewe?"

"Hapana, mama," akajibu bila kunitazama. "Umezimika wenyewe."