Pampu ya Lori Ndani ya Gari Dogo

Harufu ya petroli hunirudisha Kisumu ya miaka ya hamsini, kwenye gereji ya mabati iliyokuwa njiani kwenda ziwani. Joto la mchana lilipozidi, kila kitu kilionekana kana kwamba kiko chini ya maji: nyundo, mikokoteni iliyopita, hata sauti za watu. Kule mbali wadudu wa ziwa walipanda angani kama moshi, nami niliwatazama huku mikono ikiendelea na kazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, msaidizi wa fundi, na siku nzima iliweza kupita bila mimi kusema neno.

Fundi mwenyewe alikuwa Kalasinga mwenye ndevu nyeupe, mtu wa mikono myepesi. Siku moja mzee wa upande wa Bondo alimletea gari lake dogo, lile lililobeba akina mama na samaki wao wakavu hadi soko la Kibuye. Pampu ya petroli ilikuwa imekufa, na ya aina ile haikupatikana mjini. Fundi akachagua pampu ya lori kuukuu la jeshi, maana matundu ya bolti yalilingana. Mimi ndiye niliyeiosha. Niliubonyeza mkono wake, ule unaosukumwa na injini, nikaona ni mgumu kuliko wa pampu ya zamani, tena mrefu zaidi kwa upana wa ukucha. Nilitaka kusema. Fundi alikuwa amekwisha kuichukua.

Kesho yake gari lilirudi likitoa moshi mweusi, petroli ikifurika kutoka kwenye kabureta na kudondokea injini ya moto. Fundi akabadilisha sindano inayozuia petroli ndani ya kabureta. Likarudi. Akabadilisha boya, lile linaloelea juu ya petroli humo. Likarudi tena.

"Bwana Fundi, gari yangu inakunywa kuliko shemeji yangu," mzee alisema. "Na shemeji akishiba angalau analala."

"Kabureta nakwisha," fundi alijibu. "Gari iko mzee sana. Wacha hapa, kesho mimi nakata, natoa vipuri. Siku moja itachoma wewe na mama wote."

Mzee hakutania tena. Aliweka kiganja juu ya paa la gari akakiacha hapo, kama mtu aliyemshika ng'ombe mgonjwa. Kisha akanigeukia. "Omera, ndugu yangu, na wewe unaongea lini? Krismasi?"

Wakatoka kwenda kunywa chai kivulini.

Nilijua kwamba nikinyamaza, kesho gari lile litakatwa. Maneno yalikuwepo kichwani, lakini hayakushuka mdomoni. Basi nilichukua debe dogo, nikalitia petroli, nikalifunga kwa kamba kwenye boriti, mbali na injini. Nikang'oa bomba la pampu kwenye kabureta, nikaunganisha mpira kutoka kwenye debe. Sasa petroli ilishuka yenyewe, bila kusukumwa. Nikawasha.

Injini iliimba. Sina neno jingine. Moshi mweusi ulikwisha, na kabureta ilikaa kavu kama kikombe kilichofutwa. Nilivuta kamba debe likapanda mpaka chini ya mabati, petroli ishuke kwa nguvu zaidi, na bado kabureta haikumwaga hata tone. Nilisimama nimeshika kamba ile, nikahisi ninaelea pamoja na debe.

Nilipogeuka, wote wawili walikuwa mlangoni.

Fundi alitazama debe, akafuata mpira kwa macho mpaka kwenye kabureta. "Kabureta mzima," alisema taratibu. "Pampu nasukuma sana."

Akanipa mkasi na karatasi nene ya gasketi, ile inayoziba kati ya vyuma viwili. Nilikata vipande vitatu vya umbo la kitako cha pampu, tukavipanga kati ya pampu na injini, ili pampu ikae mbali kidogo na mkono wake usukumwe kidogo. Tukaenda kujaribu mlima wa Riat. Katikati ya mlima gari likakohoa, likazima kwa njaa ya petroli.

"Karatasi ngapi?" fundi aliniuliza.

Nikasema: "Tutoe moja. Zibaki mbili."

Tulitoa moja hapo hapo kando ya barabara. Gari likapanda mpaka juu bila kukohoa, na tulipofungua boneti hapakuwa na unyevu popote. Ziwa lilitandaza mng'ao wake chini yetu, halina mwisho wala ng'ambo. Mzee alikaa nyuma ya usukani bila kuzima injini, akiisikiliza.

"Kwa nini hukusema siku ya kwanza?" fundi aliniuliza kando.

"Niliogopa, Fundi."

Alifuta mikono yake kwa muda mrefu. "Siku ile mimi naona ile mkono refu. Mimi nafikiri, wacha, itakubali." Akatazama ziwa. "Kuambia watu mimi nakosea, hiyo ngumu."

"Mnanong'ona nini huko?" mzee aliita. "Pandeni. Akina mama wananingoja."