Panya Tuliyemchana Nywele

Asubuhi hiyo kule kijijini Jego, mitego tuliyoitega kando ya shamba la mahindi la mama mmoja ilikuwa imenasa panya watatu. Sisi watafiti tulikuwa tukitafuta bakteria wanaoenezwa na kupe. Nilimpa panya wa kwanza dawa ya usingizi, nikamchana manyoya mpaka kupe wawili wakadondoka kwenye sahani nyeupe, nikamtoa damu kidogo. Alipozinduka, nikamwachia pale pale tulipomnasa.

Mwenye shamba akashika kiuno. "Mwanangu, mwizi wa mahindi yangu umemlaza, umemchana nywele, umempima damu, halafu unamwachia aende zake? Mimi nikienda zahanati sipati hata nusu ya hayo!"

Nilikasirika. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu aliyevaa glavu, kwamba utafiti una taratibu zake na kwamba asiyejua hawezi kuelewa. Alinisogelea, akainamisha kichwa changu kama cha mtoto, akabandua kitu nyuma ya shingo yangu kwa kucha zake mbili. Kiganjani mwake alikuwamo kupe, amenona, miguu ikichezacheza.

"Na huyu, daktari?" akaniuliza kwa upole. "Naye nimwachie?"