Sweta ya Baba na Hoja Isiyopigiwa Kura

Baba yangu alikuwa na sweta ya kijani aliyoinunua kwenye mitumba ya Migori. Ilikuwa nene, ya vifungo, ya kuwafaa watu wanaoishi kwenye ukungu, na kwetu kando ya barabara ya Rangwe hakuna mtu mwenye akili timamu anayehitaji kitu kama hicho. Joto la Homa Bay halina mjadala. Lakini sweta ilining'inia kwenye msumari karibu na mlango, na ole wako uitoe pale. Kila gari lilipopunguza mwendo karibu na boma letu, baba aliinuka, akaivaa, akafunga vifungo vyote hadi cha juu, akaketi kusubiri. Gari likipita, aliivua.

Sababu tuliijua. Miaka michache kabla, alikuwa mwalimu wa historia kule Migori. Siku moja walimu wenzake wakinywa chai walimwuliza swali kuhusu viongozi, naye akalijibu. Basi. Swali gani, jibu gani, hajawahi kusema mpaka leo. Watu walimfuata akiwa na shati la mikono mifupi, wakamweka mahali tusipopajua, mpaka majirani wakaanza kumwangalia mama kwa macho ya kumwangalia mjane. Aliporudi hakuwa na kazi, na hakuwa na maneno. Alituambia kitu kimoja tu kuhusu huko: kulikuwa na baridi, na sakafu ilikuwa na maji. Wiki ileile alinunua sweta.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sisi tulikuwa waoga wa bure. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wameanza kuonyeshana vidole viwili barabarani kwamba wanataka vyama vingi, na chifu anatembea akihesabu vidole vya watu. Mdomo uliponza kichwa, ndivyo mama alivyotuamkia kila asubuhi badala ya salamu. Tuliombwa jambo moja tu, mimi na wadogo zangu: tusimpe mtu yeyote sababu ya kumrudia baba.

Na mimi, mwenye mdomo kuliko wote nyumbani, nilikuwa kwenye chama cha mdahalo shuleni.

Mwalimu mkuu wetu, mama mmoja mnene aliyetembea kama anayepita juu ya mayai, aliuogopa mdahalo kuliko alivyoogopa moto bwenini. Lakini siku ya wazazi ilikuwa inakuja, kwaya ilikuwa imekosana na mwalimu wake, na ilibidi wageni waonyeshwe kitu. Akachagua mwenyewe hoja ambayo kwa maoni yake haingeweza kumuumiza mtu: nani, katika historia yote ya dunia, ameyabadilisha maisha ya watu kuliko wengine. Alitaka waliokufa zamani, tena mbali. Hata neno wapinzani alilifuta, akasema tuitwe upande wa pili. Tulicheka sana bwenini, lakini tulicheka kwa sauti ya chini.

Upande wa kwanza ulipaswa kutaja mtu na kumsifu. Upande wa pili, yaani mimi, kanuni ilinitaka nimjibu msemaji aliyenitangulia, nimpunguze huyo mtu wake, halafu nitaje wangu. Nilijiandaa vizuri. Mwenzangu wa dawati, ambaye ndiye angenitangulia, alikuwa na yule fundi wa Ulaya aliyeunda mashine ya kuchapa vitabu. Mimi nilikuwa na daktari aliyegundua chanjo. Tulifanya mazoezi pamoja nyuma ya jikoni, nikimtukania fundi wake, naye akinikumbusha kwamba chanjo inauma. Yeye alikuwa msichana mpole, mtoto wa mchungaji wa Rongo, na ukimkazia macho anasahau jina lake.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wazazi walikaa nyuma, na nikamwona baba kwenye kona, karibu na mlango wa kutokea, sweta ikiwa imekunjwa magotini. Mbele, chini kabisa ya ile picha iliyotundikwa kila ukuta wa nchi hii, aliketi chifu na kofia yake. Pembeni yake aliketi mgeni ambaye hakuwa kwenye ratiba. Alivaa suti ya kijivu na miwani myeusi, humo humo ndani ya ukumbi. Hakuna aliyetuambia ni nani. Mwalimu mkuu alimpigia magoti alipokuwa anampa soda, nasi tukaelewa ilivyotupasa kuelewa.

Msemaji wa kwanza alimtaja baharia fulani, sawa. Wa upande wetu akamjibu, sawa. Kisha akapanda mwenzangu wa dawati. Alisalimia mwenyekiti, waamuzi na mtunza saa vizuri, halafu akainua macho. Akamwona mgeni. Akaiona na picha juu ya kichwa cha mgeni. Nikajua hapo hapo fundi wa Ulaya amekwisha.

Akasema kwamba mtu mkuu kuliko wote katika historia ya dunia ni Mtukufu Rais, yule wa ukutani.

Alifikiri anajiokoa, maskini. Alisema mambo ya maziwa ya shule na mabwawa ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, yote yale ya gwaride la asubuhi, na watu wakapiga makofi marefu kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Lakini makofi yalipokwisha kanuni ilibaki palepale. Mtunza saa, mtoto asiyejua chochote ila kengele, aligonga, na mwenyekiti akaniita mimi. Nilikuwa nimeitwa mbele ya chifu na yule mgeni nisimame nimpinge mtu wa picha.

Miguu ilinipeleka tu. Mwalimu mkuu alikuwa ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Nikatazama kona ya nyuma, na baba alikuwa ameshavaa sweta. Alikuwa anafunga kifungo cha juu.

Nikikataa kusema, wangeuliza kwa nini nimenyamaza, tena mtoto wa nani huyu aliyenyamaza. Nikimwacha mtu wa picha na kumtaja daktari wangu wa chanjo, nimesema daktari wa kizungu ni mkubwa kuliko Mtukufu. Nikimsifu na mimi, mtu angecheka, kwa sababu wasichana wa kidato cha tatu hucheka, na kicheko hicho kingehesabiwa. Kusema kweli sikuwa na wazo lolote. Nilifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa hadithi ya mama.

Mama alizaliwa upande wa visiwani, na alitusimulia habari za mvuvi wa Takawiri aliyepotea ziwani. Kwetu mtu akizama na mwili usipatikane, hufukiwa tunda la yago mahali pake, lile tunda refu zito la mti wa mwegea, ili naye awe na kaburi. Wakamfukia yago, wakamlilia, wakanyoa nywele. Kumbe mwenyewe ameokotwa na wavuvi wa Tanzania, na baada ya muda akarudi kwa miguu yake. Alipofika langoni watu walikimbia, mke wake akiwa wa kwanza kukimbia. Alikaa nje ya boma lake siku nyingi kabla ya wazee kumfanyia mambo ya kumrudisha, na mama alisema hakupata tena afya, kwa sababu ardhi ilikuwa imeshaambiwa kwamba huyu ni mtu wake.

Niliisimulia pale mbele, fupi fupi. Nikaona wazazi wanaitikia kwa vichwa, kwa sababu kila mmoja anaijua sheria hiyo. Ndipo nikasema maneno ambayo nayakumbuka yalivyo:

"Mheshimiwa mwenyekiti, wote tuliowataja leo wamekufa. Sisi hatumhesabu mtu aliye hai pamoja na waliokufa. Mwenzangu amempenda Mtukufu hata akamharakisha. Naomba tumtoe kwenye historia, aishi."

Chifu, ambaye ni mtoto wa ziwa kama sisi, alivua kofia. Alimtazama mgeni, mgeni hakumtazama, basi akaamua mwenyewe. Akasimama akasema mtoto amesema kweli, jambo hili si la mzaha, na jina hilo litolewe. Watu wakapiga makofi tena, safari hii wakishusha pumzi. Mwenyekiti aliruka kura. Alisema tu hoja imeahirishwa, twende tukale, na kwenye historia ya shule yetu hoja hiyo haijapigiwa kura hata sasa.

Mwenzangu alinikumbatia nyuma ya ukumbi, akalia. Mwalimu mkuu alinipa kipande cha kuku kilichokuwa cha wageni. Nilijiona mjanja, nisikudanganye, kichwa kilikuwa kikubwa kama gunia. Kisha kupitia dirishani nikamwona yule mgeni akimwinamia chifu na kumwuliza kitu, naye chifu akainua kidevu kuelekea kule wazazi walikokuwa wamekaa. Kidevu kilimwelekea baba.

Wazazi waliruhusiwa kuondoka na watoto wao kwa mapumziko. Tulitembea na baba, vumbi miguuni, naye hakuivua sweta ingawa jua lilikuwa bado kali. Nilimngojea anisifu. Niliongea peke yangu njia nzima, nikieleza jinsi wazo lilivyokuja na jinsi chifu alivyovua kofia. Tulipokaribia nyumbani alisimama.

"Nyathina," akasema, na hilo ndilo neno la kwetu la mtoto wangu, "hata mimi nilijibu vizuri."

Nami sikupata usingizi usiku huo, wala mwingine.

Kuanzia hapo tuliishi kwa masikio. Lori la miwa likishusha gia, mama anaacha kijiko ndani ya chungu. Pikipiki ya padri ilitutisha bure mara mbili. Baba alianza kula akiwa amevaa sweta, halafu akaanza kulala nayo. Mimi nilikoma kusema. Wadogo zangu wakinichokoza nawaacha, mpaka mama akanigusa paji la uso kuona kama ninaumwa. Nilikuwa naumwa woga. Nilijilaani kwa kila neno zuri nililosema pale mbele, nikatamani ningekuwa nimekosea tu, nimesahau hotuba, nimecheka kama mjinga. Mjinga hawaulizi ni wa nani.

Walikuja saa sita mchana, jua likiwa utosini. Gari halikupita. Liliingia mpaka kwenye ua, kuku wakatawanyika, na mlango ukafunguliwa. Alishuka chifu, nyuma yake akashuka mwenye miwani. Baba alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake, vifungo vyote vimefungwa, viatu miguuni. Kando yake palikuwa na mfuko mdogo wa plastiki ambao sikujua kwamba aliuandaa. Ndani yake mlikuwa na soksi.

Mama akawakaribisha, maana mgeni ni mgeni. Akawaletea chai. Mwenye miwani aliivua ajipanguse jasho, na kumbe alikuwa na macho ya kawaida tu, ya mtu aliyechoka na barabara. Akamtazama baba.

"Mwalimu, mbona sweta na jua hili?"

Mama alidakia kabla pumzi haijaisha. Alisema ni malaria, inamtetemesha tangu juzi. Chifu akasema pole, japuonj, yaani mwalimu kwa lugha yetu, malaria ya huku haina adabu. Mgeni hakusema pole. Aliitazama sweta kwa muda, kifungo kwa kifungo, kisha akautazama mfuko wa soksi, na nadhani alielewa. Akanywa chai.

Halafu chifu akaeleza shida yao. Sikukuu ya taifa ilikuwa inakaribia, kutakuwa na mkutano mkubwa mjini Homa Bay, na wakubwa walitaka mtoto wa shule wa kumwombea Mtukufu maisha marefu. Mgeni alinikumbuka mimi. Niseme yaleyale, lakini hadithi ya mvuvi niiache.

Sikumtazama baba. Nilisema nitakuja. Nilisema haraka hivi kwamba chifu alicheka, akamwambia mama binti huyu atafika mbali. Wakaaga, gari likarudi nyuma polepole hadi barabarani.

Mama akakaa chini sakafuni pale pale na kulia. Kisha akafuta uso, akamwambia baba avue basi, wameenda. Baba akasema tungoje kwanza gari livuke daraja. Jasho lilikuwa linamtiririka masikioni, shati la ndani limelowa, na hakunyanyua mkono kujipangusa. Nikasimama mlangoni kumtazama, na nikakumbuka ule mdahalo wetu. Baharia, fundi, daktari wangu wa chanjo, wakubwa wote wa dunia na vitabu vyao: hakuna hata mmoja aliyewahi kumvalisha baba yangu sweta saa sita ya mchana. Mwenzangu wa dawati alikuwa amesema kweli kuhusu mtu wa picha. Hoja yake ilipita siku hiyo, sebuleni kwetu.

Daraja lililia chini ya gari, mbali. Baba akangoja kidogo tena. Kisha akafungua vifungo, akaivua sweta, akaikamua kama nguo iliyotoka ziwani, na kuirudisha kwenye msumari wake karibu na mlango.