Mbuni Uliofungwa Ukindu

Ninyi wajukuu mtakaosoma haya, someni polepole. Nakumbuka asubuhi moja shambani kwetu Kerege, miaka michache kabla Wadachi, hao Wajerumani, hawajaishika pwani, nami ni mke mgeni katika nyumba ya mume wangu. Mibuni yetu, miti ya kahawa, ilikuwa inaugua. Chini ya majani uliota unga wa manjano, majani yakapukutika, buni zikawa nyepesi, maganda matupu. Mti mmoja tu, wa mpakani, haukuguswa. Buni zake zilikuwa ndogo, lakini nzito. Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, aliufunga shinani kipande cha ukindu, ule wa kusukia mikeka. Nilidhani ni dawa ya wezi. Mimi si mwizi, nikajisemea.

Siku hiyo tulikuwa tunachuma, na wifi yangu akanicheka: "Wifi, unachuma au unazipa buni mkono wa pole?"

Wajukuu zangu, ujana hauvumilii kuchekwa. Nikaacha kuchagua mbivu mojamoja. Nikashika tawi, nikapurura, mbivu na mbichi, jani na kikonyo. Hata ule wa ukindu nikaumaliza. Kikapu kikajaa kabla ya adhuhuri, nami nikajiona hodari. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mavyaa alitia mkono kikapuni, akatoa buni za kijani.

"Hizi za mti upi?"

"Ule wenye dawa, mama."

"Dawa gani! Ile ni alama yangu. Nilingoja ziive nipande shamba upya. Mbichi haioti, mkaza mwanangu. Sasa tutapanda nini, kikapu?"

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Mwaka uliofuata mti ule haukuzaa, maana niling'oa hata macho ya matawi, yanapochipukia maua. Mwaka wa pili wake ukazaa, tukapanda. Mibuni mingine yote ilikuwa kuni kwa wakati huo. Mavyaa hakuiona miche. Tulikwisha kumzika.

Basi nawaambia, kuuliza si ujinga. Tunda lichumwe kwa jicho kwanza, mkono ufuate. Na mti uliosimama wenzake walipougua, hata tunda lake likiwa dogo, huo ndio wa mbegu. Mungu awape mikono mitulivu na mashamba yasiyokauka.

Watu wa nyumba yangu niliwaamuru hivi: "Mti usiougua, asiuguse mtu mpaka buni zake ziwe nyekundu. Mbegu kwanza. Kahawa tutakunywa itakayobaki, na isipobaki tutakunywa maji."