Mwanasiti na Shimo la Kumi na Saba

Mwanasiti wa Mtongwe hakusamehe. Tuliseme hilo mapema, asije mtu akasoma mpaka mwisho akitarajia kuona watu wakikumbatiana. Miaka sita alilala na jina la Kiponda na kuamka nalo, na kila alipowaombea watu dua, jina hilo aliliruka.

Alikuwa kedi, mbeba mfuko wa fimbo za gofu, katika klabu ya Mwamba Mweupe, huko kwenye miti ya mivinje upande wa Likoni. Babake alilima mihogo ng'ambo tu ya ua wa klabu, na Mwanasiti aliingia mle akiwa na miaka kumi na tisa, mwanamke peke yake kati ya wanaume arubaini. Walimcheka mwezi mzima. Kisha wakaona kwamba akichutama nyuma ya mpira, akafumba jicho moja na kusema utapinda kiasi gani, mpira hupinda kiasi hicho hicho. Wakaacha kucheka, wakaanza kumwuliza.

Kiponda naye alikuwa wa Likoni hiyo hiyo, kedi mwenzake, mdogo kwake kwa miaka minane, mwenye mikono ya ajabu na mdomo usio na breki. Mwanasiti ndiye aliyemfundisha kuzisoma grini, yale mazulia ya nyasi fupi yanayozunguka mashimo. "Hapa kwetu kila mpira wataka kwenda baharini," alimwambia. "Ukitatizika, angalia bahari iko wapi, kisha piga." Kiponda alilishika somo, akaja akawa mchezaji wa kulipwa, na mfuko wake akaubeba Mwanasiti.

Mpaka siku ile ya fimbo kumi na tano. Sheria ya gofu inaruhusu kumi na nne tu. Asubuhi ya siku ya mwisho ya shindano, Mwanasiti akiwa ameshazihesabu na kuondoka kunywa maji, Kiponda alijaribu fimbo mpya, akaisukumiza mfukoni pamoja na zile nyingine. Msimamizi akaigundua kwenye shimo la pili. Adhabu ilikuwa kuongezewa mapigo manne, na katika gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi; shindano Kiponda alilikosa kwa pigo moja. Waandishi wa habari walipomzunguka, mkono wake hakuutaja. Alisema, "Kedi wangu hajui kuhesabu."

Redio ikatangaza, Likoni nzima ikasikia. Muuza viazi karai akawa anamfungia viazi huku anamwuliza, "Nikuhesabie, dada, au leo utaweza?" Wachezaji wakaacha kumchagua, na klabu ikampa mashine ya kukatia nyasi. Mumewe, Mwidani, fundi baiskeli, mtu mpole kupita kiasi, alimwambia mambo hayo amwachie Mungu.

"Nitamwachia," alisema Mwanasiti, "nikishamaliza naye mimi."

Mwaka huu shindano kubwa la wachezaji wa kulipwa likarudi Mwamba Mweupe kwa siku nne. Kiponda akaja na kedi wa Nairobi, bwana mmoja mtaratibu aitwaye Odhiambo, ambaye daftari halikumtoka mkononi. Mwanasiti wakati huo alikuwa mkata mashimo. Katika shindano shimo huhamishwa kila siku: alfajiri mtu huja na bomba lake lenye makali, akakata pengine na kuziba pale pa jana. Ndiyo kazi aliyokuwa nayo, na aliifanya bila kosa.

Tena alijua jambo moja ambalo wengine hawakulijua. Mvua za mwaka jana ziliila grini ya kumi na saba upande wa baharini, na yeye na wenzake wakaijaza udongo na kupanda nyasi upya. Ukiitazama, jicho linakuapia kwamba yote inateremka kwenda majini. Lakini kwenye kona ya kushoto udongo ulizidi upana wa kiganja, na mpira ukiusukuma pale huenda bara. Aligundua siku moja akichezea mpira kwa mpini wa reki. Hakumwambia mtu.

Siku tatu shimo lilikaa mbali na kona hiyo. Siku ya nne, Kiponda akiwa anaongoza kwa pigo moja mbele ya Ngala wa Kilifi, Bwana Luqman, msimamizi wa shindano, alimkuta Mwanasiti kwenye grini ile kabla jua halijatoka sawasawa.

"Mwanasiti!"

"Abee, Bwana."

"Leo nataka kushoto. Ndani ya hatua sita kutoka ukingoni, chagua wewe penye nyasi nzuri."

Alizipima hatua zile moja moja, kwa utulivu. Sheria hakuivunja, alikata ndani ya eneo aliloonyeshwa. Ila alikata pale panapodanganya kuliko pote, na udongo ulipong'oka na bomba akasema kwa sauti, "Haya, Kiponda, hesabu na hii."

Alasiri Kiponda na Ngala walifika pale pamoja, Kiponda bado mbele kwa pigo moja. Ngala alimaliza kwa mapigo manne. Mpira wa Kiponda ulikuwa hatua tatu tu kutoka shimoni. Akiutumbukiza, naye atakuwa na manne, na kombe litakuwa karibu kuwa lake. Mwanasiti alisimama nyuma ya kamba na reki yake mkononi.

Odhiambo alichutama, akafungua daftari. "Boss, hii haiendi baharini. Nilijaribu hapa Jumanne. Inakata bara."

Kiponda akaitazama bahari. Kisha akamwona Mwanasiti.

"Grini hizi nilifundishwa na yule pale," alisema, na sauti ikavuka kamba. "Kila mpira wataka baharini. Wallahi, yule mama hajapata kukosea hata siku moja."

Maneno hayo ndiyo Mwanasiti aliyoyangoja miaka sita, na sasa yalikuja yenyewe, bila kuombwa, mbele ya watu. Kiponda alikuwa bado anamtazama, kama zamani alipongoja kedi wake akubali. Hasira za miaka sita zikampanda zote kwa pamoja. Mwanasiti akaitikia kwa kichwa, polepole, kama anayejibu salamu.

Mpira ukaenda bara. Ulilipita shimo, ukashika mteremko ambao Kiponda hakuujua, ukasimama mbali kuliko ulipotoka. Akaupiga tena, ukakosa tena. Mapigo sita. Watu wakaguna, naye Mwanasiti akaona raha, raha tamu ya kweli, wala hakuionea haya. Shimo la mwisho walilingana, na ubaoni yakaandikwa matokeo: Ngala wa kwanza, Kiponda wa pili, kwa pigo moja.

Waandishi wakamzunguka Kiponda pale pale chini ya ubao. "Kedi wangu aliniambia kweli," alisema. "Mimi nikalishika somo la Mwanasiti, kwamba kila mpira wataka baharini. Kumbe somo lenyewe bovu."

Bwana Luqman, aliyekuwa kando yao, akamgeukia mkata mashimo wake. "Mwanasiti, grini ile uliijaza kwa mikono yako. Hukujua inaelekea wapi?"

Vinasa sauti vikahamia kwake. Akisema alijua, jina lake la ujuzi litapona, na kazi itaondoka jioni hiyo hiyo, na Likoni itamwita mwenye hila mpaka kufa kwake. Kiponda naye alikuwa amemkazia macho, ameanza kuelewa, anangoja.

"Sikujua, Bwana," alisema Mwanasiti. Katika miaka yake yote juu ya nyasi zile, neno hilo halikuwa limemtoka.

Redio ikatangaza. Kesho yake muuza viazi karai alimfungia viazi vyake vizuri, akamkabidhi kwa heshima zote, kisha akamwuliza, "Dada, eti na leo bahari iko upande gani?"