Chungu cha Maua cha Idara ya Madai

Kazi ya Verla Lindquist ilikuwa umbea wa kulipwa, ingawa mwenyewe aliuita ukaguzi. Katika kampuni yao ya bima pale Omaha, kila neno ambalo wafanyakazi walichati kwenye kompyuta za ofisi lilipita machoni pake, na hakuna aliyejua kuwa msomaji ni yeye. Siku ya kuajiriwa wote walitia saini karatasi ya kukubali kusomwa. Lakini nani husoma karatasi za siku ya kwanza?

Alijua nani anatafuta kazi kwingine na nani anavaa wigi. Miaka kumi na mmoja aliyameza yote, akabaki na siri za watu na kahawa yake.

Kisha, siku tatu kabla ya mlo wa Desemba, ambapo kila mtu huleta bakuli la chakula alichopika nyumbani, akasoma maneno ya Doreen Pacheco, jirani yake wa meza na rafiki yake wa siku nyingi.

"Shoga, Verla analeta tena zile tambi zake za samaki wa kopo. Zangu nizimwage wapi?"

"Kwenye chungu cha maua, kama kila mwaka," mwenzake akamjibu. "Kwani huoni mti ulivyonawiri?"

Verla aliumia, tusidanganyane. Yale yalikuwa mapishi ya marehemu mama yake. Na mpini alikuwa ameushika yeye: Bwana Halvorsen, mkubwa wao, alitaka jina la kila anayepiga soga saa za kazi, na Doreen alikwishapata barua mbili za onyo kwa kuchelewa kazini. Ya tatu ingekuwa kufungasha virago.

Aliandika jina la Doreen kwenye ripoti. Akalitazama. Akalifuta, akaandika, "Hakuna la kuripoti," kisha akaenda dukani kununua tambi.

Siku ya mlo, Doreen alipakuliwa sahani ya kufurika.

"Verla jamani, unataka ninenepe!"

"Kula, mwaya. Najua unavyozipenda."

Doreen akajivuta mdogo mdogo hadi dirishani, akatazama nyuma, akainamisha sahani. Chungu cha maua hakipo! Kwenye zulia palibaki duara la vumbi tu. Alipoinua macho alikiona juu ya meza ya Verla, kimefungwa utepe mwekundu, na Verla kando yake anatafuna taratibu, anamtazama.

Doreen hakuwa mzito wa kuelewa. Akashika uma, akala mpaka tambi ya mwisho.

"Zikoje?" Verla akauliza.

"Zina... zina samaki wa kutosha."

"Zipo nyingine. Lete sahani."

Alasiri, Verla akirudi kwenye ukaguzi wake, alikuta ujumbe ambao Doreen alikuwa amejitumia mwenyewe.

"Verla, najua unasoma. Nisamehe, nimekukosea. Na asante kwa ile barua ya tatu ambayo sijaipata. Ila mwakani, nakuomba kwa jina la Mungu, lete mkate."

Verla alicheka hadi akavua miwani kufuta machozi. Miaka kumi na mmoja alikuwa akisoma ujumbe wa watu, na huo ndio wa kwanza kuandikiwa yeye.