Nakala ya Ijumaa kwa Mama Mkwe

Mume wangu ana ugonjwa wa nakala. Ufunguo wa nyumba lazima achongeshe tatu, na vyeti vya watoto tuna fotokopi za kujaza droo. Kazini kwake, karakana ya miguu ya bandia, wanamwita Bwana Nakala, naye anaitika bila aibu.

Yeye ndiye aliyeweka programu ya hifadhidata kwenye kompyuta ya karakana. Zamani vipimo vya wagonjwa vilikaa kwenye karatasi, panya wakijilia. Alisoma maelekezo mpaka nikamwonea huruma, akaijaribu kwanza kwa majina ya uongo (mengi ya ndugu zangu, mchokozi yule), ndipo akaingiza watu wa kweli. Faili akalifunga kwa nenosiri. Meneja akamwambia wazi: "Umeyataka mwenyewe. Vipimo hivi vikipotea, na kazi yako imepotea."

Basi kila Ijumaa anafunga programu, maana kunakili faili likiwa wazi ni kujitafutia balaa, anaweka nakala kwenye flashi, anaipeleka nje ya karakana. Nikamuuliza kwa nini isikae kwetu. Akasema sisi na karakana tumepakana ukuta. Moto ukila kule, na sisi tumo. Akachagua kwa mama yangu. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mama hakumtaka tangu siku ya posa, na hadi leo anampokelea mlangoni.

"Mama yako akishika kitu, hakitoki," akanijibu. Ijumaa hiyo hiyo akampelekea.

Halafu wezi wakavunja karakana, wakabeba kompyuta na kila kilichokuwa mezani. Mume wangu alikuwa amelazwa, ametoka kupasuliwa kidole tumbo, hajui hili wala lile. Meneja akanipigia, sauti kavu: faili lisipopatikana, wagonjwa wote waitwe upya kupimwa, na mume wangu asirudi kazini. Nikamwelekeza kwa mama.

Mama akamkatalia. Nikampigia simu, "Mama, mpe tu, ni bosi wake."

"Kwani wewe ndiye uliyenipa?" Akakata.

Muda wa kuona wagonjwa, nikamwona mama anaingia wodini, meneja nyuma yake amebeba kompyuta ndogo kama mpagazi. Mama akafungua fundo la kitambaa chake, akamwonyesha mume wangu flashi.

"Hawa wanataka mzigo wako. Niwape?"

"Wape, mama."

Meneja akaichomeka. Faili likadai nenosiri. Mume wangu akalichapa kwa kidole kimoja, mkono wa pili una dripu. Mara majina yakaanza kushuka, kila mtu na vipimo vyake, goti, paja, unyayo. Meneja akashusha pumzi.

"Afadhali," akasema. "Ila kompyuta ndiyo imekwenda."

"Imeibiwa ofisini kwako," mama akamwambia. "Kwa mwanangu hakijapotea kitu."

Mwanangu. Miaka yote ya ndoa yetu alikuwa "huyo wako." Mume wangu akanitazama kuhakikisha amesikia sawa, nami nikamwitikia kwa kichwa, machozi yakinitoka. Mama alikwisha kuvuta kiti karibu na kitanda, anamuuliza meneja flashi itarudi lini.